Mstari Chini ya Neno: Tokeni za Usanifu na Mapambo ya Maandishi katika Tangazo la Kanyaruchinya

1. Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi akiandika kichwa cha somo ubaoni, hukipigia mstari. Akisahihisha daftari, hupiga mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa. Mwenye duka hukata bei ya jana kwa mstari na kuandika ya leo kando yake. Karani anayebandika tangazo ukutani hupigia mstari neno asilotaka lisahaulike. Na mtu aliyeshika simu, akiona neno lenye mstari chini yake, hulibonyeza, kwa kuwa simu imemzoesha kwamba mstari ule ni mlango wa kwenda ukurasa mwingine.

Wote hao wamechora mstari tu. Lakini mstari huo una maana tano: kichwa, kosa, kilichofutwa, mkazo na kiungo. Darasani au dukani hatuchanganyikiwi, kwa sababu mazingira yanatuambia tuko wapi. Kwenye kioo cha simu, maana zote tano zinaweza kukutana katika ukurasa mmoja usiozidi kiganja cha mkono. Hapo msomaji hana mwalimu wala mwenye duka wa kumuuliza.

Makala haya yanauliza swali moja: ni nani anayeamua mstari una maana gani katika kiolesura, na uamuzi huo unaandikwa wapi ili usipotee? Wabunifu wa programu wana chombo cha kazi hiyo, nacho huitwa tokeni za usanifu. Tutakieleza kwa lugha ya mwanafunzi wa isimu, si ya fundi wa kompyuta. Mfano wetu utakuwa ukurasa wa tangazo la maji kwa ajili ya Kanyaruchinya. Ukurasa huo tumeutunga wenyewe kwa ajili ya somo. Mazingira yake hatukuyatunga.

2. Kwa nini Kanyaruchinya

Kanyaruchinya iko kaskazini mwa jiji la Goma, katika wilaya ya Nyiragongo, kwenye barabara iendayo Rutshuru. Ni nchi ya mawe meusi. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava Januari 2002, na tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2012 wakimbizi wa ndani walijaa hapo, kisha wakalazimika kuondoka Novemba mwaka huohuo vita vilipofika. Kuanzia mwisho wa mwaka 2022 makumi ya maelfu ya watu, wengi wao kutoka Rutshuru, walipanga tena mahema yao juu ya mawe hayo. Desemba 2022 kipindupindu kilitangazwa katika kambi za Nyiragongo. Mwanzoni mwa 2025, baada ya Goma kubadili mikono, kambi hizo zilifumuliwa na watu wakatawanyika.

Tukumbuke maana ya maji mahali kama hapo. Juu ya lava hakuchimbwi kisima kwa jembe. Maji huja kwa malori, huwekwa katika matangi, hutiwa klorini, kisha hutoka katika robine. Robine iliyo wazi asubuhi yaweza kufungwa mchana. Mama anayebeba bidoni ya lita 20 mgongoni hawezi kuzungukia robine tano ili kujua ipi ina maji, na wakati wa kipindupindu akikosa maji yaliyotibiwa atachota yoyote atakayoyapata. Kwa hiyo tangazo la robine ni habari inayogusa uhai.

Tangazo hilo husomwaje? Kwa megafoni, kwa redio, kwa mdomo, na kwa simu. Simu yenyewe mara nyingi kioo chake kimepasuka, imechajiwa kwa kulipia, na mega zake zinahesabiwa. Anayejua kusoma huwasomea majirani. Macho ya mtu mmoja yakikosea mstari, masikio ya watu kumi yamekosea pamoja naye.

Kuna na suala la lugha. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiluba kuwa lugha za taifa. Mitaani Goma watu husema *mayi*, na kwenye mabango husoma *maji* au neno la Kifaransa. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, shirika la Translators without Borders lilichunguza suala la lugha za mawasiliano mashariki mwa Kongo na kuonyesha kwamba Kiswahili sanifu na Kiswahili cha Kongo si kitu kimoja kwa msikilizaji. Mjadala wa maneno umeendelea tangu hapo, na ni vizuri. Sisi tunaongeza jambo dogo lililosahauliwa: alama zinazochorwa juu ya maneno nazo ni sehemu ya lugha ya tangazo, na nazo zinahitaji kufasiriwa kwa namna moja.

3. Pambo la maandishi ni nini

Katika makala haya, pambo la maandishi ni mstari wowote unaochorwa na kompyuta chini ya neno, juu yake au katikati yake, bila kubadili herufi zenyewe. Herufi nene na herufi za mlalo si pambo kwa maana hii, kwa kuwa zinabadili umbo la herufi. Rangi ya neno pia si pambo.

CSS, lugha inayoiambia tovuti ivae vipi, imekuwa na sifa ya pambo tangu toleo lake la kwanza la Desemba 1996. Toleo hilo liliruhusu mstari wa chini, wa juu, wa kati, na hata maandishi ya kumetameta, ambayo leo yameachwa. Siku hizi pambo moja lina sehemu nne zinazoweza kuamuliwa kila moja peke yake:

a) mahali pa mstari: chini, juu au katikati;
b) mtindo wake: mmoja ulionyooka, miwili, wa nukta, wa vipande au wa mawimbi;
c) rangi yake, ambayo yaweza kuwa tofauti na ya neno;
d) unene wake.

Juu ya hizo nne kuna sifa ya tano iliyo jirani: umbali kati ya mstari wa chini na neno.

Mwanafunzi wa fonolojia ataona mara moja kwamba hizi ni sifa bainifu. Mstari wa mawimbi na mstari ulionyooka hutofautiana kwa sifa moja tu, lakini kwa mtu aliyezoea kuandika kwenye kompyuta, wa kwanza unasema "umekosea tahajia" na wa pili unasema "gusa hapa". Tofauti ndogo ya umbo imezaa tofauti kubwa ya maana, kama /p/ na /b/ katika *pata* na *bata*.

4. Tokeni: kutenganisha jina na umbo

Sasa tuje kwenye tokeni. Istilahi hii ilianza kutumika katika kampuni ya Salesforce ya Marekani mwaka 2014 hivi, na Jina Anne ni mmoja wa walioianzisha. Wazo lenyewe ni jepesi. Badala ya kuandika katika kila ukurasa "neno hili lipigiwe mstari wa chini wenye unene fulani", tunaupa uamuzi huo jina, tunauandika mara moja mahali pamoja, na kila ukurasa unaita jina. Tokeni ni jina la uamuzi wa usanifu pamoja na thamani yake.

Mkazi wa Goma anaijua tokeni kabla hajaisikia. Hali ya Nyiragongo hutangazwa kwa rangi nne: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Mtangazaji wa redio haelezi kila asubuhi matetemeko na gesi zilizopimwa na Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma. Anasema "njano", na nyuma ya neno hilo kuna maelezo yaliyokubaliwa mapema. Jina fupi limebeba uamuzi mrefu. Hiyo ndiyo kazi ya tokeni.

Lakini mfano huohuo unatuonyesha hatari. "Njano" ni jina la umbo, si la maana. Bango likipauka kwa jua, njano na chungwa hukaribiana. Asiyetofautisha rangi hupotea. Na kwenye redio rangi haionekani kabisa. Kama ngazi ingeitwa "tahadhari" na rangi ya njano ikawa vazi lake tu, jina lingebaki hata vazi likichakaa. Tutarudi kwenye jambo hili katika sehemu ya sita.

Kwa kawaida tokeni hupangwa katika matabaka matatu. Tabaka la kwanza ni malighafi: orodha ya maumbo yaliyopo, bila kusema yatumike wapi. Tabaka la pili ni maana: kiungo, kilichobatilishwa, kosa, mkazo. Tabaka la tatu ni sehemu mahususi ya kiolesura, kama kitufe au safu ya jedwali. Tabaka la tatu huchukua kutoka la pili, na la pili kutoka la kwanza. Mwanaisimu anaweza kulinganisha na fonimu, mofimu na neno: kila ngazi imejengwa kwa ngazi iliyo chini yake, na maana huanzia ngazi ya pili.

5. Mfano: tangazo la robine

Tuseme ukurasa wetu una jedwali la robine tano. Kila safu ina namba ya robine, saa za maji, na kiungo cha kufungulia ramani. Robine ya 3 imefungwa leo. Juu ya jedwali kuna sentensi inayokazia kuchota maji yenye klorini tu.

Bila tokeni, mtu wa kwanza ataikata safu ya robine ya 3 kwa mstari. Wa pili, akiandika ukurasa wa chakula, atapigia mstari maneno ya mkazo. Wa tatu ataondoa mstari kwenye viungo kwa sababu anaona haupendezi, na kuviachia rangi ya bluu peke yake. Kila mmoja ana sababu yake, na wote watatu wamesema lugha tatu kwa msomaji mmoja.

Kwa tokeni, tunaanza na malighafi. CSS inaruhusu jina la tokeni liwe neno lolote tulipendalo, mradi lianze kwa vistari viwili. Hivyo majina yetu ni ya Kiswahili, na thamani tu ndizo zinabaki katika maneno ambayo mashine inayajua:

--mstari-chini: underline;
--mstari-kati: line-through;
--unene-mdogo: 0.06em;
--unene-mkubwa: 0.12em;

Kisha tabaka la maana:

--pambo-kiungo: var(--mstari-chini);
--unene-kiungo: var(--unene-mdogo);
--unene-kiungo-kilichoguswa: var(--unene-mkubwa);
--pambo-kilichobatilishwa: var(--mstari-kati);
--pambo-mkazo: none;

Mwisho tabaka la sehemu:

--pambo-robine-iliyofungwa: var(--pambo-kilichobatilishwa);

Tusome mistari hii kama tunavyosoma kamusi. Kidahizo kiko kushoto, maelezo kulia, na neno var ni sawa na "tazama" ya kamusi: linatupeleka kwenye kidahizo kingine. Anayejenga ukurasa wa tatu, wa nne na wa kumi haulizi mstari uwe mnene kiasi gani. Anauliza: hiki ni kiungo, au ni kitu kilichobatilishwa? Swali la maana limetangulia swali la umbo.

Tazameni tokeni ya mkazo. Thamani yake ni none, yaani hakuna pambo. Mwanafunzi anaweza kuuliza kwa nini tuandike tokeni isiyofanya kitu. Tumeiandika kwa sababu kukataa nako ni uamuzi. Tumeamua kwamba mkazo utaonyeshwa kwa herufi nene, na mstari wa chini utabaki kuwa wa viungo pekee. Tusipoandika hivyo, mwenzetu wa kesho atajaza pengo kwa mazoea ya karatasi, na maneno "maji yenye klorini" yatapigiwa mstari. Msomaji atayabonyeza mara tatu, hakitafunguka kitu, na ataona simu yake imeharibika.

Faida kubwa zaidi huonekana siku ya kubadilisha. Tuseme tumewapa watu watano wasome jedwali kwenye simu ndogo juani, tukagundua kwamba 3 iliyokatwa kwa mstari inasomeka kama 8. Hilo si jambo la ajabu: mstari unaopita katikati ya tarakimu ndogo huziba nafasi ambazo jicho linazitegemea. Tunabadilisha mstari mmoja tu, thamani ya --pambo-kilichobatilishwa inakuwa none, na mahali pake tunaweka neno IMEFUNGWA. Kila ukurasa unafuata. Bila tokeni tungetafuta mkato katika kila faili, tungeacha mmoja, na huo mmoja ungebaki ukidanganya.

Mifumo mikubwa inafanya hivi. Mfumo wa usanifu wa serikali ya Uingereza, GOV.UK, umeupa majina unene wa mstari wa kiungo na umbali wake kutoka kwenye neno; kipanya kikifika juu ya kiungo, mstari unanenepa. Codex, mfumo wa Wikimedia, nao una tokeni za pambo la maandishi. Wasomaji wa Wikipedia ya Kiswahili wanakutana na uamuzi wa mfumo huo kila siku: kiungo hakina mstari mpaka kipanya kifike juu yake. Kwenye kompyuta ya maktaba hilo halisumbui. Kwenye simu hakuna kipanya, kwa hiyo mstari hauji, na kinachobaki ni rangi: bluu kwa ukurasa uliopo, nyekundu kwa ukurasa ambao haujaandikwa. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG 2.0 wa 2008, unasema rangi isiwe njia pekee ya kutoa habari. Kwa hiyo tokeni haihakikishi uamuzi mzuri. Inahakikisha tu kwamba uamuzi, mzuri au mbaya, uko mahali pamoja, unaonekana, na unaweza kujadiliwa.

6. Kutaja tokeni ni kazi ya istilahi

Hapa ndipo wanafunzi wa lugha wanaweza kuwafaa mafundi. Ugumu wa tokeni hauko kwenye msimbo. Uko kwenye majina.

Kipimo tunachopendekeza ni hiki: umbo likibadilika, je, jina litasema uongo? Tokeni iitwayo --mstari-mwekundu itasema uongo siku mstari utakapokuwa wa mawimbi na wa rangi ya chungwa. Tokeni iitwayo --pambo-kosa itabaki kweli. Katika tabaka la kwanza majina ya umbo yanaruhusiwa, kwa sababu tabaka hilo ni ghala la maumbo. Katika tabaka la pili na la tatu hayafai.

Kiswahili kina hazina ya kutosha kwa kazi hii, hasa katika kunyambua vitenzi. HTML, lugha ya muundo wa kurasa, ina elementi mbili zinazochorwa mkato uleule: del, ya maandishi yaliyoondolewa, na s, ya maandishi ambayo si sahihi tena. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa maana, mtu akisema "robine ya 3 *imefutwa* kwenye orodha" na mwingine akisema "robine ya 3 *imefungwa*", hawajasema jambo moja. Ya kwanza haitarudi; ya pili yaweza kurudi kesho. Tukiziita --pambo-kilichoondolewa na --pambo-kilichofungwa, hata kama leo zote mbili zina mkato, tumeacha nafasi ya kuzitenganisha kesho. Jina zuri la tokeni huhifadhi tofauti ambayo umbo bado halijaionyesha.

Tahadhari moja: tusichanganye Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili ndani ya jina moja. Katika Goma tunachanganya lugha tukizungumza, na si dhambi. Lakini tokeni husomwa na watu wasioonana. Jina lenye mizizi ya lugha tatu hukumbukwa na aliyelitunga peke yake.

7. Mikia ya herufi zetu

Kuna jambo la tahajia ambalo vitabu vya usanifu vilivyoandikwa kwa lugha nyingine havitatueleza. Herufi g, j, p na y zina mikia inayoshuka chini ya msingi wa mstari. Kiswahili kinazitumia sana: *ng*, *nj*, *ny*, *mp* ni sauti zetu za kila siku. Jina Kanyaruchinya lenyewe lina mikia miwili. *Kujipanga* lina mitatu.

Mstari wa chini ukikaa karibu na neno, hugongana na mikia hiyo. Vivinjari vya kisasa huukata mstari kila unapofika mkia, ili herufi isomeke. Hilo ni jema, lakini katika *kujipanga* mstari unabaki vipande vipande, na kwenye kioo kilichopasuka vipande hivyo havionekani tena kuwa kiungo. Dawa ni kuushusha mstari kidogo, na kipimo hicho nacho kiwe tokeni:

--umbali-kiungo: 0.16em;

Kipimo cha em hufuata ukubwa wa maandishi: mzee akikuza herufi, mstari unashuka kwa kiasi kilekile cha uwiano. Tungetumia pikseli, herufi zingekua na mstari ungebaki palepale. Thamani ya 0.16 ni ya kuanzia tu. Ijaribiwe kwa maneno yetu wenyewe, si kwa maneno ya mfano yaliyokuja na programu.

8. Mahali ambapo tokeni haifiki

Ingekuwa rahisi kumalizia hapa. Lakini tangazo la Kanyaruchinya linatulazimisha kutaja mipaka minne.

Kwanza, pambo la kitu kikubwa huchorwa juu ya vyote vilivyo ndani yake. Tukiikata safu nzima ya robine ya 3, na ndani ya safu hiyo tukaandika "Nenda robine ya 5", mkato utapita juu ya agizo jipya pia. Kuliambia agizo lisiwe na pambo hakutauondoa mstari wa mzazi wake. Mama atasoma kwamba robine ya 5 nayo imefutwa. Kwa hiyo tokeni ya mkato iwekwe kwenye neno dogo kabisa linalohusika, kamwe isiwekwe kwenye safu nzima.

Pili, pambo halisikiki. Visoma skrini vingi, katika mpangilio wao wa kawaida, havitaji mkato. Asiyeona atasikia "Robine ya 3, saa mbili hadi saa sita", bila neno la kumwonya. Ni hivyohivyo kwa jirani anayesomewa, kama msomaji wake ana haraka.

Tatu, na hii ndiyo hatari tunayoiona kubwa kuliko zote, pambo halisafiri. Tangazo halibaki kwenye ukurasa wake. Mtu hulinakili na kulituma kwa ujumbe mfupi. Herufi husafiri, mstari hubaki nyuma. "Robine ya 3, saa mbili hadi saa sita" iliyokatwa kwenye ukurasa inafika kwenye simu ya pili ikiwa safi, haina mkato, kana kwamba robine iko wazi. Maneno tuliyoyafuta yamefufuka njiani. Mwingine hupiga picha ya kioo na kuituma kwa WhatsApp: hapo mkato unabaki, lakini kiungo chenye mstari hakifunguki tena, kwa sababu sasa ni picha ya mlango, si mlango.

Nne, hata kanuni za kimataifa hazijalimaliza suala hili. Kikundi cha jumuiya cha tokeni za usanifu chini ya W3C kilitoa toleo lake la kwanza thabiti la muundo wa tokeni Oktoba 2025. Katika muundo huo, tokeni ya maandishi ina fonti, ukubwa, uzito, nafasi kati ya herufi na urefu wa mstari. Pambo halimo. Baadhi ya zana, kama Tokens Studio, zimeliongeza zenyewe, na timu nyingine hutunga njia zao. Maana yake ni kwamba kila timu inayoandika kwa ajili ya watu wa Goma inapaswa kuamua yenyewe, na kuandika ilichoamua.

Kutokana na mipaka hii tunapendekeza kanuni moja inayotangulia tokeni zote: maana inayohusu uhai iandikwe kwa neno kwanza, kisha ipambwe. Robine ya 3 IMEFUNGWA. Neno hilo linasomeka juani, linasikika kwa kisoma skrini, linafika kwa ujumbe mfupi, linatangazwa kwa megafoni. Pambo linaongezwa ili jicho lilione upesi. Likipotea njiani, hakuna aliyepotoshwa.

9. Hitimisho

Tulianza na mistari mitano na tumefika kwenye kamusi. Tokeni za usanifu zinawawezesha wanaoandika kiolesura kufanya kile ambacho wanaleksikografia wamekifanya muda mrefu: kuorodhesha alama, kuzipa majina, kueleza maana ya kila moja, na kuhakikisha kwamba wote wanaorejelea kitabu kimoja wanasema lugha moja. Kazi ya kuchora mstari ni ya mashine. Kazi ya kusema mstari unamaanisha nini ni ya lugha, na kwa hiyo ni yetu.

Mahema ya Kanyaruchinya yameondolewa, na wengi wa waliokaa humo wako kwingine, wakisoma matangazo mengine kwenye simu zilezile. Tusingoje kambi nyingine ijengwe ndipo tujiulize kama maneno yaliyokatwa yatabaki yamekatwa yakifika kwao.

Maswali ya mazoezi

1. Chukua tangazo lolote kwenye simu yako. Orodhesha kila mstari ulioupata na uandike maana yake. Je, kuna umbo moja lenye maana mbili?
2. Tunga majina ya Kiswahili ya tokeni kwa maana hizi: bei ya zamani, jina lililokosewa tahajia, kiungo kilichokwisha kufunguliwa. Yapime kwa kipimo cha sehemu ya sita.
3. Nakili sentensi yenye mkato kutoka kwenye ukurasa wa wavuti na uitume kwa ujumbe mfupi kwa mwenzako. Mwambie akusomee alichopokea. Kisha iandike upya ili maana yake isipotee.
4. Katika Kiswahili cha Goma, ni neno gani moja ungelitumia badala ya mkato kwa robine iliyofungwa? Waulize watu watatu wasiosoma chuo, na ulete majibu yao darasani.